Kahawa Niliyoihukumu Bila Kuionja

Kazi yangu ni kuonja kahawa. Naishi Moshi, na sehemu kubwa ya utu uzima wangu nimeipitisha mbele ya safu za vikombe: navuta kahawa kwa kijiko, naisambaza mdomoni, naitema, naandika alama. Nimewafundisha kazi hiyo vijana wengi. Baadhi yao leo wako Mbinga na Mbozi, wengine wamevuka mpaka hadi Uganda. Wote hao, tulipofika kwenye somo la kasoro za ukaangaji, niliwaonyesha picha moja: kikaango chembamba cha chuma juu ya moto wa kuni, buni nyeusi zinazong'aa kwa mafuta, na mkono wa mwanamke ulioshika mpini. Nikawaambia: tazameni kahawa iliyounguzwa, tena imeunguzwa Ethiopia, kwao kahawa ilikotoka. Darasa lilicheka, nami nilitaka licheke.

Kahawa ile haikuwa imeungua. Mwanamke yule alijua anachokifanya kuliko nilivyojua mimi ninachokitazama. Tena hukumu niliyoitoa mbele ya vijana, kundi baada ya kundi, niliitoa juu ya kahawa ambayo sikuwahi kuitia mdomoni. Kwa muonjaji hakuna kosa kubwa kuliko hilo, na nimekaa nalo kimya muda mrefu mno.

Safari ya Ethiopia nilikopiga picha ile ilikuwa na sababu nzuri. Mibuni ya kwenye kihamba cha baba yangu, shamba letu la nyumbani la kahawa na migomba, kama ilivyo mibuni mingi ya Kilimanjaro, ina nasaba inayojulikana. Wafaransa waliichukua Yemeni mwanzoni mwa karne ya 18 wakaipanda kisiwa cha Bourbon, ambacho siku hizi kinaitwa Réunion. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu wakaileta Bagamoyo, na mwishoni mwa karne ya 19 ikapandishwa hadi misheni ya Kilema, mlimani kwetu. Huko Yemeni nako ilikuwa mgeni. Ilivuka Bahari ya Shamu kutoka nyanda za juu za Ethiopia. Carl Linnaeus alipoipa jina la kisayansi mwaka 1753 aliiita Coffea arabica, kahawa ya Arabuni, kwa kuwa huko ndiko Ulaya ilikokuwa ikiipata. Msitu ilikozaliwa haukutajwa.

Kuna nasaba nyingine inayotugusa kwa karibu zaidi. Miaka ya 1930 mbegu zilikusanywa kwenye misitu ya kusini-magharibi ya Ethiopia, upande wa Gesha, zikapitia Kenya na Uganda, na mwaka 1936 zikafika kituo cha utafiti cha Lyamungu, mwendo mfupi tu kutoka ninapokaa. Mwaka 1953 zikapelekwa Costa Rica, baadaye Panama, na mwaka 2004 kahawa ya mibuni hiyo ikashinda mashindano ya Panama na kuvunja rekodi ya mnada. Wafanyabiashara wanaiita Geisha. Ilikaa kwetu, tukaipisha ipite bila kujua tulichoshika. Habari hiyo iliniuma nilipoisikia, na bado inaniuma. Ndiyo iliyonisukuma kwenda kuuona msitu wenyewe.

Nilifika Bonga, mji mkuu wa eneo la Kaffa, zaidi ya kilomita 400 kusini-magharibi ya Addis Ababa. Mwenyeji wangu alikuwa bwana shamba kutoka Jimma, mtu mpole aliyezungumza Kiingereza, Kiamhara na Kioromo, na lugha ya Kaffa kwa kiasi. Alinipeleka msituni. Mibuni ya pale haina mistari. Imeota chini ya miti mirefu, myembamba, inarefuka kutafuta mwanga, na matunda yake ni machache. Mmoja una majani mapana, wa jirani yake una membamba yenye ncha ya shaba. Kwetu Kilimanjaro mibuni ni ndugu wa tumbo moja, kwa sababu imetokana na mbegu chache zilizosafirishwa. Ugonjwa wa chulebuni au wa kutu ya majani ukiingia, unaijua njia ya kila mti. Pale Kaffa, katika kila eka kuna koo ambazo hakuna aliyezihesabu. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza msitu huo katika orodha ya hifadhi zake za biosfia. Wenyeji walikuwa wameulinda kabla ya orodha hiyo, tangu Kaffa ilipokuwa ufalme wenye mfalme wake, mpaka majeshi ya Menelik II yalipouvunja mwaka 1897.

Siku iliyofuata tukaalikwa nyumbani kwa mama mmoja nje kidogo ya mji. Ua wake ulinichanganya. Kulikuwa na mibuni kivulini na juu yake majani makubwa ya migomba, nikajiona kama niko kihambani kwa baba. Ila migomba ile ni enseti, haizai ndizi za kuliwa. Chakula kiko kwenye shina na kwenye kiazi chake: vinakwanguliwa, vinafukiwa shimoni vichachuke, halafu vinaokwa kuwa mkate. Nadhani ufanano huo ndio ulionipotosha kwanza. Nilijiona niko kwetu, na mtu akijiona yuko kwao hafungi mdomo.

Ndani, sakafu ilikuwa imetandazwa majani mabichi marefu. Ubani ulikuwa unafuka kwenye chetezo cha udongo. Majirani walikuwa wameshakaa: wanawake kadhaa, mzee mmoja aliyepewa kiti cha heshima, watoto mlangoni. Bisi zilikuwa kwenye ungo, pamoja na mkate ule wa enseti. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mbele yake meza ndogo ya mbao iliyopangwa vikombe vidogo visivyo na vishikio, ambavyo wao huviita sini. Pembeni ilikuwepo jebena, birika la udongo mweusi, tumbo la duara na shingo ndefu.

Akaanza kuziosha buni. Alizitia maji, akazisugua kwa viganja viwili, akamwaga maji, akazisugua tena. Hapo tu nikaanza kumhukumu moyoni, maana sisi tunafundishwa kwamba buni isikutane na maji ikishakauka. Kisha akazimimina kwenye kikaango. Alikuwa akizitikisa na kuzigeuza kwa kijiti kilichopinda, bila kupumzika hata kidogo. Zikabadilika kuwa manjano, zikawa hudhurungi, zikaanza kupasuka. Kwa kipimo cha kazi yetu, mpasuko wa kwanza ukishasikika sawasawa, muda mfupi baadaye unaondoa kahawa motoni. Yeye hakuondoa. Aliendelea mpaka zikapasuka mara ya pili, mlio mwembamba zaidi, zikawa nyeusi na mafuta yakatoka juu. Nikapiga picha. Picha ni hiyo niliyoisema.

Alipoinuka na kikaango chake ili awapelekee wageni, nikamwambia bwana shamba: mwambie mama kahawa imeungua. Hakutafsiri. Nikadhani hakusikia, nikarudia kwa sauti, nikaongeza kwamba nitamwonyesha inavyokaangwa. Akasema maneno machache, na nina hakika aliyapunguza makali. Mama akasimama kidogo. Halafu akakiweka kikaango kando, akanipisha kwenye kigoda chake, akamtuma binti yake alete kikaango kingine na buni nyingine.

Nikakaanga. Mwanamume, tena mgeni, kwenye kigoda cha kahawa, kazi ambayo kwao ni ya wanawake. Watoto mlangoni walikuwa wakibanana kutazama. Nilizitoa motoni mara tu mpasuko wa kwanza ulipoisha, zikiwa na rangi ya mdalasini. Kwa mizani ya maabara yetu ulikuwa ukaangaji wa kujivunia. Mama akachukua kikaango, akampelekea mzee kama desturi inavyotaka: buni zilizokaangwa hupitishwa kwa kila mgeni zikiwa bado zinafuka moshi, naye huuvuta moshi ule kwa kiganja kuelekea usoni, kisha hutamka neno jema juu ya nyumba. Mzee akavuta kwa kiganja. Hakukuwa na moshi. Akavuta tena. Akaitikia kwa kichwa, mama akapita kwa mwingine.

Kwenye kinu mambo yakawa mabaya zaidi. Buni iliyokaangwa kidogo ni ngumu, mchi ulikuwa ukidunda, punje zikaruka zikatawanyika kwenye majani, binti akawa anaziokota moja moja. Unga uliopatikana ulikuwa wa chengachenga. Ukatiwa kwenye jebena, ukachemshwa, ukamiminwa, na kilichoingia kwenye sini kilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Kilikuwa kichungu cha kukaza ulimi na kikali kama ndimu mbichi. Mzee alikinywa chote. Wanawake wakanywa. Mama alionja, akaweka sini chini, akasema jambo kwa sauti ya chini. Bwana shamba hakulitafsiri na mimi sikuuliza.

Kisha mama akakusanya vikombe, akavisuuza, akarudi kwenye kigoda chake. Akakichukua kikaango chake cha kwanza, akakirudisha motoni mpaka moshi ukainuka, akaanza upya kumzungukia mzee na wengine. Safari hii mzee alivuta, akafumba macho, akanena maneno marefu na wote wakaitikia. Mimi nilikuwa nikitazama saa. Nilikuwa na miadi mjini na watu wa ushirika, na gari lilikuwa linangoja. Niliaga nikatoka huku mchi ukitwanga ndani. Njiani nilimuuliza bwana shamba kama tumewakosea kwa kuondoka mapema. Alijibu hivi: hawajaanza kunywa bado.

Nilimwelewa baadaye sana. Kikombe changu hakikuhesabiwa. Kahawa ya kweli, inayonywewa mara tatu, abol, kisha tona, kisha baraka, ilikuwa ndiyo kwanza inatwangwa, nami nilikuwa nimeshaipa kisogo.

Hadi hapa mtu anaweza kusema kosa lilikuwa la adabu, mgeni amekosa heshima, basi. Lilikuwa la adabu, lakini pia lilikuwa la ufundi, na hili ndilo linalonilazimu kuandika. Kwenye ufundi ndiko nilikokuwa nikijiamini na ndiko nilikopotosha wengine.

Baada ya miaka kadhaa ya kuonyesha picha ile, nilinunua jebena Eastleigh, Nairobi, mtaa wenye Waethiopia wengi. Nia yangu ilikuwa kuthibitisha mbele ya darasa kwamba hata kwa chombo chao, ukaangaji wetu unatoa kahawa bora. Kwanza nikajaribu peke yangu. Nilikaanga kidogo, nikatwanga kwa mkono, nikachemsha mara tatu kwa mashapo yaleyale, kama wanavyofanya wao kwa kuongeza maji tu. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mchachu na wenye harufu ya nyasi. Wa pili ulikuwa maji machachu. Wa tatu sikuweza kuumaliza. Nikakaanga tena, safari hii hadi mpasuko wa pili, mafuta yakatoka. Mchi ulizama, buni zikasagika mpaka zikawa unga laini. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mzito, wenye moshi na uchungu safi usioganda kooni. Wa pili ulikuwa na utamu ambao wa kwanza ulikuwa umeufunika. Wa tatu ulikuwa mwepesi kiasi cha kumpa mtoto, na kweli kwao watoto hunyweshwa huo. Nilikaa jikoni na vikombe viwili mbele yangu, na sikuwa na hoja.

Kila kitu alichokifanya yule mama kina sababu, na sababu hizo zinashikana. Kusugua buni kwa maji kunaondoa ile ngozi nyembamba iliyobaki juu ya punje, ambayo ikiungua kwenye kikaango hutoa moshi mchungu. Kukaanga hadi karibu nyuzi 220 na zaidi kunavunja sehemu kubwa ya asidi ambazo, zikichemshwa, zingekaza ulimi. Pia kunaifanya punje iwe nyepesi kuvunjika, na kwa mtu anayetwanga kwa mkono jambo hilo si dogo. Jebena inachemsha, haichuji. Kahawa hupanda shingoni, mtengenezaji humimina kidogo kwenye kikombe na kuirudisha ili isifurike, kisha huiweka jebena juu ya kata, ameiinamisha kidogo, mashapo yatulie tumboni. Akimimina, humimina kwa mkono uliotulia, kutoka juu, mfululizo, kikombe hadi kikombe, kwa sababu akisimamisha na kuanza tena mashapo yatatibuka. Buni ya rangi ya mdalasini haifai hata hatua moja kati ya hizo. Tena haitoi moshi, na bila moshi mzee hana cha kupokea kabla ya kunena.

Vipimo vyetu mimi sivitupi. Gramu 8.25 za kahawa kwa mililita 150 za maji yenye nyuzi 93 hivi, buni zilizokaangwa kidogo zikapumzika angalau saa 8: vimewekwa ili muuzaji wa Moshi na mnunuzi wa Hamburg waelewane juu ya gunia ambalo mmoja wao hajaliona. Vinaivua buni nguo, kasoro na sifa zake zionekane. Kwa kazi ya mnada ni vipimo vizuri, na familia nyingi za mlimani zimepata bei ya haki kwa ajili yake. Nilichokosea ni kuvichukua na kuvipima juu ya kahawa ambayo haikwenda mnadani popote, ambayo imekaangwa inywewe mchana uleule na watu wanaojuana.

Na nadhani najua kwa nini nilikosea. Kwetu, nilipokuwa mtoto, kahawa haikunywewa. Ilikuwa karo ya shule, ilikuwa bati la nyumba, ilikuwa deni la ushirika. Tuliichuma, tuliimenya, tuliianika, tuliipeleka kwa mizani, na jioni tulikunywa chai. Wakubwa walikunywa mbege. Aliyetaka kahawa ya kunywa aliikuta kwa wauza kahawa wa Pwani na madele yao, au Bukoba, ambako Wahaya wamekuwa wakitafuna buni zilizochemshwa tangu kabla ya wakoloni. Hata leo Tanzania inakunywa sehemu ndogo sana ya kahawa inayolima. Ethiopia, mlimaji mkubwa kuliko wote barani Afrika, inakunywa karibu nusu ya mavuno yake. Nilikwenda nyumbani kwa mtu anayekunywa kahawa yake nikiwa na macho ya mtu aliyelelewa kuiuza.

Dharau hiyo nilikuwa nayo hata kwenye somo la asili ya kahawa. Niliwasimulia vijana kisa cha Kaldi, mchunga mbuzi wa Kihabeshi aliyeona mbuzi wake wanacheza baada ya kula matunda mekundu, akawapelekea watawa, watawa wakagundua kinywaji. Niliwasimulia kama historia. Kisa hicho kimeandikwa kwa mara ya kwanza Roma, mwaka 1671, kwenye kitabu cha Kilatini cha msomi Mmaroni, Antoine Faustus Nairon. Humo mchungaji hana jina na tukio liko Arabuni. Jina na Ethiopia vilibandikwa baadaye. Ukikisikiliza vizuri, ni kisa ambacho watu wa msitu ule hawamo. Mbuzi anajua, mtawa anajua, lakini Mkaffa na Mworomo walioishi na mti huo hawana walichojua. Ilhali James Bruce, Mskoti aliyechapisha habari za safari zake mwaka 1790, aliandika juu ya Waoromo waliosafiri na madonge ya kahawa iliyotwangwa na kuchanganywa na siagi, chakula cha njiani. Waoromo bado wana desturi ya buna qalaa, ambapo buni nzima hupikwa kwenye siagi kwa ajili ya dua na baraka. Kahawa ilikuwa chakula na ibada huko, na bado ni hivyo.

Nilisema pia kwamba sherehe ya kahawa ya Ethiopia ina miaka elfu na haijabadilika. Hilo nalo nililitoa hewani. Wakristo wa nyanda za juu waliepuka kahawa kwa muda mrefu, kwa kuwa kanisa liliihesabu kinywaji cha Waislamu na cha Waoromo wenye dini yao ya asili. Ni karibu na mwisho wa karne ya 19, enzi za Menelik II ambaye mwenyewe aliinywa, ndipo katazo hilo lilipolegea na jebena ikaingia nyumba za Wakristo. Hii ni desturi iliyo hai, imevuka kutoka dini hadi dini na kabila hadi kabila, kila nyumba ikiongeza chake: huku chumvi, kule siagi, mjini sukari, Kaffa iliki yao ya msituni iitwayo korarima, kwingine tawi dogo la mmea wa bustanini wenye harufu kali.

Sitaki nieleweke kwamba kila kilichomo kwenye desturi ile ni chema. Anayeketi kwenye moshi ni mwanamke, na mara nyingi binti yake yuko nyuma yake akikuna macho. Saa zile zinazompa mzee nafasi ya kubariki, yeye anazitumia kusugua, kukaanga, kutwanga, kusuuza, na kesho yake tena. Wanawake wa Ethiopia wanalisema hilo wenyewe, na ni lao kulisema. Lakini kwenye saa zilezile ndiko majirani wanakopeana habari za mgonjwa, wanakokusanya michango ya mazishi, wanakopatanishwa waliogombana. Wahudumu wa afya wa vijijini wamejifunza kuingia na mafunzo yao ya uzazi na chanjo kwenye mikusanyiko hiyo, kwa sababu hapo watu wameshakaa na wanasikiliza. Mimi nilipoondoka kwa ajili ya miadi yangu, nilitoka kwenye mkutano kwenda kwenye mkutano, na ule wa kwanza sikuutambua.

Yule mama sijamwomba radhi. Bwana shamba alihama kazi, simu yake haipatikani, na barua niliyomtumia kwa anuani ya zamani haijajibiwa. Nitaendelea kumtafuta. Nisipompata kwa njia hiyo, barabara ya Bonga ipo.

Ninaoweza kuwafikia leo ni ninyi mliopita mikononi mwangu. Picha ile nimeitoa kwenye somo. Wenye nakala, ifuteni. Mkono ule ni wa mtu aliyenikaribisha, na sikumwomba ruhusa ya kuupiga picha wala kuucheka. Mkiwa bado nayo, kabla ya kuifuta itazameni kwa macho ya kazi. Kahawa iliyoungua tunaijua: ina madoa meusi upande mmoja uliolala kwenye chuma, ncha za punje zimegeuka mkaa, ndani ni mbichi na nje ni majivu. Buni za kwenye picha ile ni nyeusi sawasawa pande zote, punje hadi punje, kwenye kikaango chembamba, juu ya moto wa kuni usio na kipimajoto. Nikiwapa leo mashine yetu ya maabara, wengi wenu hamtapata usawa ule kwa jaribio la kwanza. Kwenye daftari zenu, ukurasa wa kasoro za ukaangaji, futeni mfano wa Bonga, muuandike chini ya ukaangaji wa kahawa ya kuchemsha. Kisa cha Kaldi kiwekeni kwenye hadithi. Na mkipelekwa Kaffa, Jimma au Harar kikazi, mkaalikwa kahawa, mwambieni mwenyeji wenu mapema asiwapangie miadi nyingine mchana huo.